Kauli ya Mfanyakazi Katika Thika na Ruiru: Kutoka Kidole Gumba Hadi Mkataba wa Pamoja



Baada ya hesabu za fedha na majina ya marehemu wetu, halmashauri imeona vema kuweka katika kijitabu hiki kurasa chache za historia. Tumechagua habari za kazi na mikataba kwa sababu moja ambayo yafaa tuitaje waziwazi. Mara nyingi mwanachama aliyeachishwa kazi huja kwetu na barua yake mkononi, akaomba chama kiende kikaseme na mwajiri wake. Sisi twaweza kumsaidia nauli, na unga wa siku chache, na kumsomea barua hiyo ikiwa lugha yake imemshinda. Lakini kwenda mbele ya mwajiri kujadili mshahara na masharti ya kazi si haki ya chama cha ustawi. Wengine huondoka wakinung'unika, wakidhani kwamba ni woga wetu. Basi twataka kueleza jinsi mpaka huo ulivyowekwa, na jinsi wafanyakazi wa Thika na Ruiru walivyopata watu wa kuwasemea ambao mwajiri alilazimika kuwapa kiti.

Hapana budi tuanze na ardhi. Tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika mwaka 1913, na wakati huo miinuko ya Ruiru ilikuwa imekwisha gawanywa kuwa mashamba ya walowezi. Upande wa juu, wenye udongo mwekundu na mvua, ulipandwa kahawa. Upande wa chini, uelekeao Kilima Mbogo na Makuyu, ambako jua ni kali na mvua ni haba, ulipandwa katani. Mimea hii miwili ina tabia moja, nayo ni kutotaka kungoja. Kahawa iliyoiva ikiachwa mtini huanguka, na jani la katani lililokatwa lisipopelekwa mashineni upesi nyuzi zake hupungua thamani. Mwenye shamba alihitaji mikono mingi, tena kwa saa aipendayo yeye, na sheria za nchi zilitungwa ili mikono hiyo ipatikane na isitoroke.

Sheria ya kwanza ya kukumbukwa ni ile ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906. Watu wengi husikia neno mkataba wakafikiri ni mapatano ya watu wawili walio sawa. Katika sheria hiyo, mtumishi aliyekosa kufika kazini, au aliyeondoka bila ruhusa, au aliyefanya kazi kwa uzembe, hakuwa mtu aliyevunja mapatano tu. Alikuwa mhalifu, na hakimu aliweza kumtoza faini au kumpeleka jela. Sheria iliyofuata mwaka 1910 iliendelea na mwendo huo huo. Mambo haya hayakuwa ya Kenya peke yake, kwani yalikuwako katika makoloni mengi, hata Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha mwaka 1939 mkataba wake wa 65 kutaka adhabu za namna hiyo kwa wafanyakazi wenyeji ziondolewe hatua kwa hatua.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu vita vilipokwisha, kuanzia mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alipaswa kuandikishwa, kuweka alama za vidole, na kuchukua karatasi yake popote aendapo, na wengi waliitia ndani ya kikebe cha chuma kilichofungwa kwa kamba shingoni. Vijana wa siku hizi husimuliwa habari za kikebe wakacheka. Uzito wake ulikuwa katika yale yaliyoandikwa ndani: jina la mwajiri, kiasi cha mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachiliwa. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi ya kuachiliwa hakuweza kuandikwa mahali pengine, na akionekana njiani alihesabiwa kuwa mtoro. Yaani mkataba wake ulikuwa shingoni mwake, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya mwaka 1947 ilipoamuru kuandikishwa kwa watu wa rangi zote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna nyingi. Kulikuwa na maskwota, ambao chini ya sheria ya mwaka 1918 walipewa mahali pa kulima na kufuga katika shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kulikuwa na watu wa tikiti. Hao walihesabiwa siku 30 za kazi, wakapewa muda wa siku 42 kuzitimiza, na mwezi wa mtu wa tikiti haukuwa mwezi wa kalenda. Aliyeugua, au aliyekwenda kuzika, mwezi wake ulirefuka na mshahara ukangoja. Tena kulikuwa na wachumaji, wengi wao wakina mama na watoto waliotoka nyumbani alfajiri kwenda mashambani, ambao walilipwa kwa debe. Ugomvi wa debe ni wa zamani kuliko chama chochote cha wafanyakazi. Je, debe limejaa likiwa sawa na ukingo, au likiwa na kichuguu juu? Nyapara husema hivi, mchumaji husema vile, na mwisho neno la nyapara ndilo lililoandikwa kitabuni. Twaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana miaka mingi baadaye watu walipokaa mezani na waajiri, mambo yaliyojadiliwa yalikuwa ya namna hii hasa: kipimo, saa, na siku ya kulipwa.

Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka duniani, walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hapo ndipo Harry Thuku, aliyekuwa mpiga simu katika Hazina ya serikali, alipoanza kukusanya watu kupinga upungufu huo pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, na wenyeji walitaja idadi kubwa zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru ni miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa Kismayu. Twaitaja habari hii, ijapokuwa yajulikana, kwa sababu chama chake hakikuwa cha siasa tupu kama wengi wasemavyo. Chanzo chake kilikuwa mshahara. Nao wafanyakazi walijifunza kwamba barua na mkutano wa hadhara, bila sheria ya kumlazimisha mwajiri ajibu, vyaweza kujibiwa kwa bunduki.

Miaka ya 1930 twaipita upesi. Makhan Singh aliunda chama cha wafanyakazi mjini Nairobi mwaka 1935, na sheria ya kuandikisha vyama vya wafanyakazi ikapitishwa mwaka 1937. Mwaka 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni, na moja ya masharti yake lilikuwa kwamba koloni ipokeayo msaada iwe na sheria nzuri kuhusu vyama vya wafanyakazi. Haya yote yalikuwa juu ya karatasi, na kwa mchumaji kahawa wa Ruiru hayakubadili hata debe moja.

Kilichobadili mawazo ya serikali ni mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, uliofuatwa na kazi ya Chege Kibachia wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika. Kibachia alikuwa akitaka chama kimoja kikubwa cha watu wa kazi zote. Alipokuja bara alikamatwa, mwezi wa Agosti mwaka huo huo, akahamishiwa Baringo. Mwezi wa Septemba wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Serikali haikutaka tena chama cha watu wote. Mshauri wake wa mambo ya vyama, James Patrick, Mskochi, alifundisha kwamba kila kazi iwe na chama chake peke yake. Na pale ambapo hata hicho kilionekana ni kikubwa mno, idara na makampuni yalipendelea jumuiya ya watumishi, au kamati ya kazi, yaani kundi la watumishi wa mwajiri mmoja wanaokutana naye kumpa maoni.

Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa maana jumuiya ya watumishi ni ndugu wa karibu wa chama chetu. Ilikuwa na mwenyekiti, karani na mtunza hazina. Ilikuwa na kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri. Ilichanga fedha za mazishi na za wagonjwa. Watumishi walipokuwa na shida, mathalan nyumba zinazovuja, au sare zisizotolewa, au saa za ziada zisizolipwa, halmashauri yao iliandika barua ya heshima kwa mkuu wa idara, naye aliwaita, akawasikiliza, akawaahidi kulitazama jambo hilo. Wala tusidharau kazi hiyo. Ilifundisha watu kuandika hoja, kuweka kumbukumbu, kuzungumza kwa zamu, na kutofautisha malalamiko ya mtu mmoja na shida ya wote. Waliokuja kuongoza vyama vikubwa, wengine walianzia hapo.

Lakini udhaifu wake ulikuwa mahali pamoja tu, nao ulitosha kuiangusha. Mkuu wa idara alisikiliza kwa hiari yake. Akisema hapana, jumuiya haikuwa na mahali pa kwenda. Akisema ndiyo, neno lake halikuwa mkataba, nalo liliweza kufutwa na mkuu ajaye baada yake. Tena karani wa jumuiya alikuwa mtumishi wake, aliyeweza kuhamishwa kesho yake asubuhi kwenda mahali pasipo barabara.

Mfano ulio bora kupita yote ni wa mtu aliyezaliwa karibu na hapa. Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 kule Kilima Mbogo, katika shamba la katani ambako baba yake, Leonard Ndiege, mtu wa Rusinga, alifanya kazi. Watu wa Thika hupenda kumtaja kama waziri na kama mtu aliyepeleka vijana kusoma Marekani. Sisi twamtaja hapa kama mtoto wa kambi ya katani aliyejua tangu utoto jinsi kengele ya alfajiri inavyolia. Alisoma Mang'u, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mkaguzi Mzungu alilipwa mshahara uliomzidi mkaguzi Mwafrika mara nyingi kwa kazi ile ile. Mboya aliingia katika jumuiya ya watumishi Waafrika wa serikali za mitaa mjini Nairobi, akawa kiongozi wake, na katika muda mfupi wa mwaka 1952 na 1953 yeye na wenzake wakaigeuza kuwa chama kilichoandikishwa, Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa. Wanachama walikuwa wale wale, na shida zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni haki mbele ya sheria: ya kudai mazungumzo, ya kuwa na karani asiyelipwa na mwajiri, na ya kupeleka ugomvi mbele ya mtu wa tatu wakishindwa kuelewana.

Mambo haya yalitendeka nchi ikiwa imewekwa chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa habari za miaka hiyo katika wilaya ya Thika. Twataja tu yale yanayogusa jambo letu. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwezi wa Juni 1953. Operesheni ya Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954 ilikamata maelfu ya watu mjini Nairobi, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mkutano wowote ulihitaji ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi. Katika kimya hicho, Shirikisho la vyama vilivyoandikishwa, ambalo Mboya alichaguliwa kuwa katibu wake mkuu mwaka 1953 na ambalo baadaye liliitwa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, lilibaki kuwa miongoni mwa sauti chache sana za Waafrika zilizosikika. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa mfanyakazi ulihesabiwa kana kwamba hana mke wala watoto, ikapendekeza ukuzwe hadi utoshe jamaa. Lakini kamati hiyo ilitazama miji zaidi. Mashamba yalingoja.

Kwa nini mashamba yalichelewa? Wengine hudai kwamba watu wa mashamba hawakuwa na elimu ya kujipanga. Hatukubaliani nao. Sababu ilikuwa ya ardhi na ya sheria. Mfanyakazi wa kiwandani mjini Thika, kengele ikilia jioni, alitoka langoni akawa katika barabara ya watu wote, ambako mtu wa chama aliweza kumngoja na kitabu cha stakabadhi. Mfanyakazi wa shamba hakutoka. Alilala katika kambi iliyokuwa juu ya ardhi ya mwajiri, akachota maji ya mwajiri, akapitia njia ya mwajiri, na mtu wa chama aliyeingia humo bila idhini aliweza kushtakiwa kwa kuingia mahali pa mtu. Hivyo kabla ya kudai senti moja, chama cha shamba kilipaswa kwanza kudai mlango.

Hali ya Hatari ilipoondolewa mwezi wa Januari 1960, mlango huo ulisukumwa kwa nguvu. Vyama vya wafanyakazi wa chai, wa kahawa na wa katani viliundwa katika muda wa miaka michache, na mashamba ya pande zetu yakaingia katika migomo. Katika mwaka 1960, na tena mwaka 1962, idadi ya migomo nchini ilipita mia mbili kwa kila mwaka. Mara nyingine watu waliacha kazi asubuhi bila hata chama chao kujua, kisha wakatuma baiskeli kumwita karani aje aeleze wanataka nini. Kwa waajiri hii ilikuwa hasara, na kwa vyama ilikuwa aibu, kwa kuwa chama ambacho hakiwezi kuwaambia wanachama wake wangoje hakiwezi pia kumwahidi mwajiri neno lolote.

Ndipo ilipotiwa sahihi, tarehe 15 Oktoba 1962, ile Hati ya Uhusiano wa Kazi, baina ya serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi, Mboya akiwa Waziri wa Kazi. Waajiri waliahidi kuvitambua vyama na kutowaonea wanachama. Vyama viliahidi kutogoma kabla ya kufuata njia ya mapatano hadi mwisho wake. Mwaka uliofuata, 1963, vyama vya mashamba vilijiunga kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo. Mwaka 1964 Mahakama ya Viwanda ilianzishwa, na katika mwaka huo huo yalifanywa mapatano ya pande tatu, ambayo serikali iliahidi kuongeza watu kazini kwa asilimia 15 na waajiri wa watu binafsi kwa asilimia 10, na vyama vikakubali kusimamisha migomo na madai ya mishahara kwa muda. Mwaka 1965 ukaundwa muungano mmoja wa vyama, COTU, na Rais wa nchi akapewa mamlaka ya kumteua katibu mkuu kutoka majina yaliyopendekezwa.

Wako wazee wanaosema kwamba katika miaka hiyo mitatu wafanyakazi walinyang'anywa silaha yao, wakapewa meza na viti. Nasi twaona kwamba kuna kweli katika neno hilo, hasa kuhusu mwaka 1965, kwa maana chama ambacho katibu wake mkuu huteuliwa na serikali hakina budi kutazama pande mbili. Lakini twawaomba wakumbuke ile habari ya debe. Mgomo waweza kumfanya nyapara akubali debe la ukingo kwa siku moja. Mapatano yaliyoandikwa huyafanya mashamba yote yaliyotia sahihi yapime namna moja, msimu huu na ujao, hata nyapara akibadilishwa. Mkataba wa pamoja baina ya chama cha mashamba na chama cha waajiri wa kahawa ulikuja kugusa mishahara ya kila daraja, saa, likizo, nyumba na ilani ya kuachishwa. Mchumaji asiyejua kusoma alikuwa, kwa mara ya kwanza, na mkataba ambao hakuupigia kidole peke yake mbele ya karani wa shamba.

Mji wa Thika wakati huo ulikuwa ukijaa viwanda vya mananasi, makopo, ngozi na nguo, na baadaye magari. Kila kiwanda kilikuwa na chama chake na wajumbe wake sakafuni. Habari zao zahitaji kijitabu kizima, na hatutazieleza hapa. Tutaeleza jambo la watumishi wa serikali, kwa sababu latuhusu kwa jina.

Mwezi wa Julai 1980 serikali ilifuta uandikishaji wa chama cha watumishi wa serikali, pamoja na chama cha waalimu wa vyuo vikuu. Badala ya chama hicho, watumishi walipewa chama cha ustawi. Msomaji alitazame neno hilo. Chama cha ustawi kiliweza kukopesha, kuzika, na kuwatembelea wagonjwa. Hakikuweza kudai mazungumzo ya mshahara wala kutia sahihi mkataba. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, karani wa ofisi ya wilaya, mpishi wa hospitali na dereva wa serikali walirudishwa pale pale walipokuwa watumishi wa mwaka 1950: waliandika barua ya heshima, wakangoja. Watumishi wa serikali walipata tena chama chao kilichoandikishwa mwaka 2001, na waalimu wa vyuo vikuu mwaka 2003. Mwenye kuuliza tofauti iliyopo kati ya chama chetu na chama cha wafanyakazi aitafute katika miaka ile ishirini na moja. Ustawi ulikuwako wakati wote, na watumishi hawakuwa na neno juu ya mikataba yao.

Siku hizi sheria imeandikwa wazi kuliko wakati wowote uliopita. Sheria za mwaka 2007 na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 41, zampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri lazima akitambue. Mapatano ya pamoja yakisajiliwa mahakamani, masharti yake huingia ndani ya mkataba wa kila mtu anayehusika, hata kama karatasi yake mwenyewe ilisema vingine. Na mtu hawezi kuachishwa kwa kosa la utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama chake kando yake.

Pamoja na hayo, wanaokuja ofisini kwetu wanaongezeka. Sababu ni kwamba kazi yenyewe imehama. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yaliyokuwa na kambi za wafanyakazi yamekatwa viwanja. Mahali palipokuwa na mibuni pana maduka, nyumba za kupanga, na mji mpya wa Tatu. Kituo cha utafiti wa kahawa kingali pale Ruiru, na aina ya mbegu iliyotolewa humo mwaka 1985 inalibeba jina la mji wetu kote duniani, lakini kijana wa Ruiru wa leo hachumi kahawa. Analinda lango la usiku, anabeba mawe ya ujenzi, anashona nguo za kupelekwa ng'ambo. Katika viwanda vya nguo za namna hiyo vya Athi River na Nairobi ilizuka migomo mikubwa mwezi wa Januari 2003, na moja ya malalamiko lilikuwa kwamba mtu hushona miaka mingi akiitwa kibarua. Kibarua haingii chamani kwa urahisi, kwa maana hajui kama kesho atakuwapo, na mwajiri hana haja ya kumhesabu katika ile nusu.

Kwa watu hao, halmashauri imekubaliana juu ya utaratibu huu. Anayekuja kwetu ataulizwa kwanza kama ana chama mahali pake pa kazi, na kama kipo atapelekwa kwa mjumbe wake siku hiyo hiyo. Hatutajifanya chama hicho. Asiye na chama ataandikiwa siku alizofanya kazi, moja moja, na majina ya waliofanya naye, kisha apelekwe ofisi ya kazi. Siku hizo zina maana. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zifikazo jumla ya mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, apewe ilani ya siku 28 kabla ya kuachishwa.

Na kuhusu karatasi, kila kazi itakayofika miezi mitatu yapasa iwe na mkataba ulioandikwa, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Asiyejua kusoma aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoifahamu. Anayepiga kidole badala ya sahihi, sheria yataka akipige mbele ya mtu mwingine asiyekuwa mwajiri wake. Wengi hutuambia kwamba hawana kesi kwa sababu hawakupewa karatasi yoyote. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba mwajiri akishindwa kuutoa mkataba mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalogombaniwa ni juu yake yeye.